Madawati ya 2027 Yanahesabiwa, Riwaya Je?

Kadiri mwaka 2027 unavyokaribia, vikao vya elimu vya Mtwara na Lindi vimegeuka vikao vya hesabu. Mwaka huo Darasa la Saba la mwisho litamaliza shule pamoja na Darasa la Sita la kwanza la mtaala mpya, wa miaka sita ya shule ya msingi badala ya saba, yaani wale waliokuwa Darasa la Tatu mtaala ulipoanza Januari 2024. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza. Basi zinahesabiwa tofali, zinahesabiwa bati, yanahesabiwa matundu ya vyoo. Ni hesabu za lazima, na atakayezipuuza atasomesha watoto chini ya mkorosho. Lakini msongamano huo ni wa mkupuo mmoja, utapita. Kitakachobaki ni mwaka uliopunguzwa. Mtoto aliyekuwa na miaka minne ya kusoma kwa Kiswahili baada ya Darasa la Tatu sasa ana mitatu tu kabla hajaingia sekondari, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hoja ya makala hii ni kwamba upungufu mkubwa wa mabadiliko haya, hasa huku Kusini, uko kwenye kabati la vitabu: hatuna riwaya fupi za Kiswahili za kuwatosha watoto wa miaka 9 hadi 13, wala kamusi na miongozo ya kuzisoma. Pengo hilo litajitokeza kwenye matokeo ya Kidato cha Pili, na tutakisingizia Kiingereza.

Tuanzie tulikotoka. Kwa zaidi ya miaka kumi nguvu zimeelekezwa kwenye KKK. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa Darasa la Kwanza na la Pili ulianza mwaka 2015, na Kusini ikapata fungu lake: mradi wa EQUIP-T ulifanya kazi Lindi, na miradi ya Tusome Pamoja na baadaye Jifunze Uelewe ikafanya kazi Mtwara. Kazi hiyo iliacha vijitabu vya kurasa chache, picha kubwa juu, sentensi moja mbili chini, na viliwafaa watoto. Ila ukifika Darasa la Nne, kabati linaishia hapo. Mtoto anabaki na kitabu cha kiada chenye kifungu cha habari cha aya tatu nne, maswali, kisha zoezi la sarufi. Ukurasa unaofuata, habari nyingine kabisa. Anaishi hivyo mpaka anamaliza shule ya msingi, halafu sekondari inampa riwaya ya kurasa mia na ushei na kumtaka aihakiki: dhamira, wahusika, mandhari. Katikati hapakuwa na kitu.

Walimu wa madrasa wa Mikindani, Lindi na Kilwa wanalielewa jambo hili kuliko wapanga mitaala. Mtoto huanza alifu kwa kijiti, akaunganisha herufi, akaingia Juzuu Amma yenye sura fupi fupi, kisha akapanda juzuu kwa juzuu hadi akahitimu msahafu. Hakuna mwalimu anayemtoa mtoto kwenye alifu akamkabidhi Sura ya Baqara, ndefu kuliko zote. Shuleni ndivyo tunavyofanya, na mtoto akishindwa tunamwita mvivu.

Sababu mojawapo ya kutoliona tatizo ni kwamba maandishi ya Kiswahili yana neema inayogeuka mtego. Herufi zetu ni aminifu: mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma kwa sauti chochote utakachompa, hata hotuba ya bajeti, bila kuelewa lolote. Mgeni anayepita darasani akisikia sauti zinatiririka anaandika kwenye ripoti kwamba watoto wanasoma. Kipimo cha kweli ni kumwambia mtoto afunge kitabu asimulie. Hapo ndipo wengi hukwama, na chanzo kiko kwenye umbo la maneno yetu. Chukua “hawakutuambia”. Ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati, watendewa na kitenzi. Msomaji wa kudonoa silabi akifika mwisho wa neno ameshaisahau “ha” ya mwanzo, kwa hiyo anaelewa kwamba walituambia. Habari nzima inageuka. Dawa ya kosa hili ni kulikamata neno zima kwa jicho moja, na jicho halizoei mpaka likutane na maneno ya aina hiyo mara nyingi ndani ya habari ileile, kwa watu walewale. Kifungu cha aya tatu hakiwezi kutoa mazoea hayo. Hadithi ya kurasa 60 inaweza, kwa kuwa kuanzia sura ya tatu msomaji ameshawajua wahusika na anakisia sentensi inakokwenda.

Riwaya ya rika hili basi iweje? Hapa maneno ya jumla hayasaidii, tupige hesabu. Mtoto anayesoma maneno 80 kwa dakika, akipewa dakika 15, anamaliza maneno 1,200. Hiyo ndiyo sura moja. Sura kumi ni maneno 12,000. Kwenye ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 13, ambao hubeba takriban maneno 240, hiyo ni kurasa 50. Ongeza kurasa nane za michoro, nne za mwanzo na mbili za shughuli, unapata 64, yaani mikunjo minne ya kurasa 16 ambayo mtambo wa kuchapia unaitaka bila kubakiza karatasi. Kitabu cha kurasa 64 bado kinashonwa kwa pini mbili katikati. Kikinenepa zaidi, wachapaji wengi hukimbilia gundi mgongoni, na gundi ya bei poa kwenye joto na unyevu wa pwani hulegea. Kurasa za katikati zinaanza kuchomoka kabla muhula haujaisha. Anayetaka kitabu kinene adai kishonwe kwa uzi, na karatasi iwe ya gramu 80, kwa sababu nyepesi zaidi huonyesha maandishi ya upande wa pili na kumchosha mtoto anayesoma kwa mwanga wa dirisha.

Ugumu nao una kipimo chake, na tusiazime mizani ya Kiingereza bila kuirekebisha. “Sijawaona” kwa Kiingereza ni maneno sita; kwetu ni moja. Kwa hiyo orodha zinazopanga vitabu kwa idadi ya maneno kwenye ukurasa zitavipa vya Kiswahili daraja la chini kuliko uzito wake. Njia rahisi ni ya vidole: mtoto anasoma ukurasa mmoja, kila neno asilolijua anakunja kidole. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho akiweke kwanza. Kwa Kiswahili tuongeze sharti moja, tuhesabu mashina badala ya maneno: “alimkaripia” na “wakakaripiwa” ni kidole kimoja. Mwandishi naye akumbuke kwamba maneno mapya yanahitaji kurudi. Neno lililotokea mara moja kwenye sura ya pili na kutoonekana tena limepotea bure.

Makosa ya waandishi yanajulikana. Wengi humfanya mtu mzima kuwa mhusika mkuu huku mtoto akitumwa maji tu, ilhali msomaji wa miaka 11 anamtafuta mhusika wa miaka 12 au 13 anayeamua mambo. Wengine huanza na funzo, wakalirudia kila sura, mpaka hadithi inakuwa hotuba ya mgeni rasmi. Na wapo wanaojaza picha za sungura kwa watoto waliochelewa kuanza shule. Mvulana mkubwa wa Darasa la Sita hatakubali kuonekana na kitabu cha namna hiyo hata kama ugumu wake unamfaa.

Kamusi ni upande wa pili wa suala hili, na umesahaulika zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yake, pamoja na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015, ni kazi kubwa, lakini zimeandikwa kwa msomaji anayejua sarufi tayari. Mtoto akikutana na “nyuso” atafungua NY asikute kitu, maana limeandikwa chini ya “uso”. “Meno” liko kwa “jino”, “mbao” kwa “ubao”. “Walipomkimbilia” halimo popote mpaka alivue nguo moja moja: avue wa-, avue -li-, avue -po-, avue -m-, abaki na “kimbilia”, asipolipata hilo aondoe mnyambuliko, atue kwenye “kimbia”. “Amekula” humshinda kabisa, kwa kuwa linatafutwa kwenye L: “la”. Mambo haya yanafundishika kwa vipindi vinne vitano, kamusi moja kwa watoto sita, mradi mwalimu aanze na vitenzi visivyo na mtendwa na kuacha vya silabi moja mwisho. Asipofundishwa, mtoto hutafuta mara tatu, hakuti, na kamusi haigusi tena. Ndiyo maana ndani ya riwaya yenyewe maana ya neno gumu iwekwe chini ya ukurasa uleule. Orodha ya nyuma ya kitabu hakuna mtoto anayeifunua. Zitoshe maana tatu kwa ukurasa, kwa maneno mepesi kuliko neno lenyewe. Kueleza “karipia” kwa “kemea” ni kumwongezea mtoto kitendawili. Na hapa watoto wetu wana mtaji. Anayesikia chi- nyumbani Nanyamba au Ruangwa pale Kiswahili kinaposema ki- ameshajua kwamba mwanzo wa neno hubadilika na shina hubaki. Mwalimu akimwonyesha hilo, Kimakonde na Kimwera vinamsaidia kwenye kamusi.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine zina uzito. Ya kwanza: tukamilishe vitabu vya kiada kwanza, hadithi ni anasa. Shule ambayo watoto watatu wanang'ang'ania kitabu kimoja cha Hisabati ina haki ya kusema hivyo. Lakini fedha hizo mbili hazitoki mfuko mmoja. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka: 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya kununulia vitabu na 6,000 hupelekwa shuleni kwa uendeshaji. Kiada kinanunuliwa juu. Mwalimu mkuu hakipunguzi hata nakala moja akinunua riwaya. Wengine husema hadithi haiingii kwenye mtihani. Karatasi ya Kiswahili ya kumaliza shule ya msingi imezoeleka kuwa na ufahamu, na sehemu ya utungaji ambayo mtoto hupanga sentensi zilizovurugwa ziwe habari. Aliyesoma sura kumi za kisa kimoja ana hisia ya nini hutangulia nini. Asiyesoma anabahatisha herufi.

Hoja ya pili ni vishikwambi. Walimu walipewa vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, na hadithi za bure za Kiswahili za African Storybook zinaruhusiwa kuchapwa na hata kurekebishwa. Hivi ni vitu vya maana, na mwalimu wa Darasa la Tatu asiyevitumia anajipunja. Tatizo ni kwamba hadithi nyingi za bure zimeandikwa kwa wanaoanza kusoma; chache huvuka kurasa ishirini, kwa hiyo zinajaza rafu ambayo tayari ina kitu. Halafu kishikwambi ni kimoja, darasa lina watoto 60, na simu ya nyumbani huondoka asubuhi na mwenye nayo. Mwalimu akitumie kusomea darasa kwa sauti. Kitabu cha kushika mkononi kibaki palepale.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wazazi: Kiingereza sasa kinaanza Darasa la Kwanza, sekondari ni Kiingereza, kwa nini mtoto apoteze muda na riwaya ya Kiswahili? Hofu hiyo ina msingi na haifai kubezwa. Lakini kazi ya Kidato cha Kwanza ni kufuata maelezo marefu, kukumbuka kilichosemwa kurasa mbili nyuma, na kukisia maana ya neno geni kutokana na jirani zake. Uwezo huo unajengwa katika lugha ambayo mtoto anaielewa, kisha unahamia. Asiyewahi kushika uzi wa kurasa 60 kwa lugha aliyokulia hatauanzia kwenye lugha anayoitafsiri neno kwa neno. Shule zilizowahi kupokea maboksi ya vitabu vya Kiingereza vya msaada zinajua yaliko: vinene, vizuri, vimefunikwa na vumbi, vikisimulia theluji.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika mara nyingi, kwamba watu wa Kusini hawana utamaduni wa kusoma. Masasi ilipata makazi ya misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipowaleta watumwa walioachiwa huru, na Steere huyohuyo alikuwa akikusanya na kuchapa hadithi za Kiswahili. Ndanda ina wachapaji wa Kibenediktini. Pwani yote imejaa madrasa. Ukitaka ushahidi wa leo, nenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho: bei za mnada zinabandikwa ukutani na umati unazisoma mstari kwa mstari, na mtoto wa Darasa la Tano ndiye anayemsomea bibi yake karatasi ya malipo na kumwonyesha makato. Huyo ni msomaji. Anasoma kinachomhusu, na hatujampa hadithi inayomhusu.

Maana mambo ya kuandikwa yamejaa. Kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kabla hazijaanguka, na familia inayobaki na deni: kisa kamili cha sura kumi. Foleni ya maji kwenye uwanda wa Newala. Tembo walioingia shamba la ufuta Liwale. Wapagazi waliobeba mifupa ya mijusi wakubwa kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ambayo leo iko Berlin. Reli ya karanga ya Nachingwea iliyojengwa kwa mbwembwe na kung'olewa miaka ya 1960. Majimaji ya 1905 kwa macho ya mtoto wa vilima vya Umatumbi. Jando na unyago wachapishaji huvikwepa kwa kuogopa kunyimwa ithibati ya Kamishna wa Elimu, na uangalifu unahitajika kweli, lakini inawezekana kabisa kusimulia mtoto anavyorudi darasani Januari akiwa ameambiwa amekuwa mkubwa, bila kufichua ya kumbini. Maneno kama ming'oko, mabibo na uraka yaachwe yalivyo. Mhariri wa Dar es Salaam ayawekee maana chini ya ukurasa, asiyafute. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, baadaye ilifungua mlango wa hadithi za watoto. Kwa mwandishi wa Masasi au Kilwa huo ni mlango wa karibu kuliko kuhangaika na mchapishaji peke yake.

Upande wa shule, gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Darasa la watoto 60 halihitaji nakala 60. Chukua riwaya tano tofauti, nakala sita kila moja, jumla 30. Watoto 12 kwa kila riwaya, wawili wawili kitabu kimoja. Dakika 15 kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, sura moja kwa siku: siku kumi za shule, kitabu kimekwisha, makundi yanabadilishana. Baada ya wiki kumi kila mtoto amemaliza riwaya tano, na muhula bado haujafungwa. Nakala ikikadiriwa shilingi 6,000, hizo ni 180,000. Shule ya watoto 400 iliyopata ruzuku yake yote ina 2,400,000 kwa mwaka. Tunazungumzia asilimia 7.5, mara moja, kwa vitabu vya miaka mitatu. Na halmashauri zinazokata ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho haziwezi kusema hazina pa kuanzia.

Panapoharibika ni kwenye matumizi. Mwalimu akigeuza riwaya kuwa imla au maswali kumi ya kila sura, imekufa. Jumatatu ya kwanza asome yeye sura ya kwanza kwa sauti, aishie pabaya, awaachie hamu. Maneno mapya ya daftarini yasizidi matatu kwa siku. Badala ya maswali, mtoto mmoja kila kundi asimulie sura ya jana kwa dakika mbili, wenzake wamsahihishe. Vitabu vikae kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, kwa ajili ya mchwa, na mtoto ndiye awe mkutubi mwenye daftari la kuazima.

Kikwazo kikubwa kuliko mchwa ni leja. Mwalimu mkuu anayejua kwamba kila nakala iliyopotea itakuwa hoja ya ukaguzi atafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: atavifungia ofisini. Vitaonekana vipya hadi atakapohamishwa. Halmashauri itoe waraka mfupi kwamba vitabu vya hadithi vinahesabiwa kama chaki, vitu vinavyotumika vikaisha, na nakala zinazochakaa zifutwe kila Desemba bila maelezo marefu. Ununuzi ufanyike kwa Darasa la Nne na la Tano, Januari. Vikipelekwa kwa Darasa la Sita mwezi mmoja kabla ya mtihani, vitapigwa picha na mgeni rasmi na kurudishwa kwenye boksi.